Kilo Sitini za Kiti cha Nyuma

Watu husema mapenzi huanzia machoni. Sawa. Lakini haya ninayowasimulia, wanangu, yalianzia kwenye kilo.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, soko la vitambaa limejaa hadi mnapumua kwa zamu. Fundi mmoja wa majokofu, suruali ina grisi, kalamu sikioni, akasukumwa na watu mpaka akaiangukia meza ya cherehani. Nyuma ya meza kaketi dada wa gauni la njano, futi ya kupimia shingoni.

"We kaka, hiyo meza, si kiti!"

"Samahani dada. Natafuta mtu wa kunishonea mifuko ya turubai. Ya kutia mchanga. Yote pamoja ifike kilo za mtu mzima."

"Kwani umemuua nani?"

Watu wakacheka. Jamaa akajieleza. Kule kiwanja kidogo cha ndege, nje ya mji, ana banda, na ndani ya banda anaunga ndege. Ilikuja vipandevipande kwenye makasha, na kitabu cha michoro, huu mwaka wa nne anagonga ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati, mojamoja. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mkaguzi wa ndege kamkataza kubeba mtu mpaka airushe saa arobaini peke yake, na zile za mwishomwisho kiti cha nyuma kikaliwe na mchanga badala ya mtu.

"Mtu wa kilo ngapi?"

"Sijui. Wewe una ngapi?"

"Heee! Mwanamke anaulizwa hivyo?" Kisha akainama, kwa sauti ndogo: "Sitini. Ukimwambia mtu nakushona mdomo."

Akashona mifuko sita. Ule wa juu akautarizi ua jekundu, eti mchanga nao upendeze. Yeye akamwita rubani wa majokofu, fundi akamwita Sindano. Kila jioni simu.

"Leo umenirusha vizuri?"

"Vizuri, mpenzi. Ukiwa nyuma, magurudumu yanaachana na ardhi nikifika kwenye lile tairi jeupe walilolaza kando ya njia ya kurukia. Kila safari, palepale."

"Kumbe mimi mzito hivyo!"

"Ndege haijalalamika."

"Toka hapa!" Na kicheko, jamani, kicheko kile.

Zikiwa zimebaki saa tano tu, simu zikakatika. Fundi akaenda sokoni, cherehani imefunikwa. Wiki tatu akipiga, ya nne ikapokelewa.

"Sindano, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Umepata mwingine?"

Pale, yule binti alikuwa amelala wodini, mkono una dripu, dada yake kamshikia simu sikioni. Akafumba macho.

"Ndiyo. Nimepata."

Dada mtu akamkazia macho hadi simu ikakatwa. "Kwa nini unajisingizia?"

"Acha anichukie, dada. Atapona mapema."

Fundi hakuchukia. Alikonda tu. Akamaliza saa zake, mkaguzi akatia sahihi, ndege ikakaa bandani na mifuko yake, hana hamu nayo.

Asubuhi moja mlango wa banda ukasukumwa. Gauni la njano lilelile, juu yake koti zito, shingoni kajizungushia mtandio.

"Hakuna mwingine," akasema. "Niliogopa ndege yako, nikaona aibu kusema. Kile kiti bado changu?"

"Mbona umepungua uso?"

"Homa kidogo. Imeisha."

"Kilo?"

"Zilezile sitini. Nishakwambia, mwanamke haulizwi."

Mizani ilikuwa pale pembeni. Lakini mtu aliyerudishiwa roho yake anapima nini tena? Akaishusha mifuko, akamfunga mkanda mwenyewe, wakavaa vile visikilizio vya masikioni. Ndege ikakimbia. Tairi jeupe bado liko mbali, magurudumu hayo, juu!

Fundi akaelewa. Alikaa mbele, machozi yake hakuna aliyeyaona.

"Sindano. Mbona tumepaa mapema?"

"Upepo mzuri leo."

"Upepo hakuna. Kilo ngapi, mpenzi wangu?"

Binti akalikaza koti lake. Halafu: "Arobaini na moja. Pamoja na koti."

"Tushuke twende hospitali."

"Nimetoka huko. Wamesema wamemaliza kazi yao. Ukishuka sasa sikusamehi. Zunguka."

Akazunguka. Akamwonyesha bati za soko, zinang'aa kama sahani zilizooshwa.

"Meza yangu iko wapi?"

"Pale, karibu na kona. Nikuoe?"

"Unaoa kilo arobaini na moja?"

"Naoa zote zilizobaki."

"Basi usichelewe, rubani."

Hakuchelewa. Walioana wiki ileile, wakakaa pamoja wiki kumi na moja. Za mwisho mwisho alikuwa akimbeba kutoka kitandani hadi dirishani kwa mkono mmoja, na wote wawili wakijifanya hawajaona.

Baada ya mazishi fundi aliirusha ndege peke yake mara moja tu. Ilinyanyuka upesi mno, akashindwa kuvumilia, akatua. Akaipanga mifuko yote sita kitini, wenye ua jekundu juu, akaifunga mkanda, akauvuta taratibu usiibane.

Tangu siku ile, magurudumu huachana na ardhi kwenye tairi jeupe. Palepale.