Iwekeni Majini!

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa kina Zuena, Tandika, beseni la kuoshea vyombo lilikuwa na kazi nyingine. Lilijaa vipande vya bahasha vilivyolowekwa, na stempu zilikuwa zikijibandua zenyewe taratibu na kuelea. Zuena alichuchumaa pembeni, kibanio mkononi, akiziopoa moja moja na kuzilaza kifudifudi juu ya gazeti kuukuu.

"We Zuena, beseni langu!" mama yake alipiga kelele kutoka uani. "Vyombo vya jana nivioshee kichwani?"

"Bado kidogo, mama. Hizi za Hong Kong zina gundi ngumu."

"Hong Kong, Hong Kong! Haya, mchana waambie hao Hong Kong wakupikie."

Mama Zuena alilalamika kwa mdomo tu. Ni yeye mwenyewe aliyeleta zile bahasha. Alifanya usafi katika ofisi moja ya waagizaji bidhaa karibu na bandari. Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye meza na simu alijiita mkurugenzi, kwa hiyo barua zilimiminika kutoka Dubai, Bombay na kwingineko. Mabosi walimruhusu achukue bahasha tupu. Wenzake kazini walidhani anaenda kuwashia jiko.

Zuena alikuwa darasa la sita, na stempu zilikuwa zimemwingia damuni. Msaidizi wake alikuwa Loveness, jirani yake na mwanafunzi mwenzake, ambaye wazazi wake walitoka Mbeya. Zuena aliosha na kupanga. Loveness alibandika kitabuni, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi na havikuwa na haraka. Vya Zuena vilikuwa na haraka, na mdomo wake ulivishinda vidole.

Kitabu chenyewe kilikuwa kijidaftari kilichoshonwa kwa uzi. Watu wangeweza kukiita kitabu cha uchaguzi, kwa kuwa kilitumwa ili watu wachague stempu, lakini ulikuwa mwaka wa tisini na tano, nchi nzima inasubiri uchaguzi wa vyama vingi, na mwenyekiti wa chama chao cha wakusanya stempu hakutaka mtu wa posta adhani vifurushi vyao vina kura. Wakakiita chagua-urudishe, na jina likashika. Mwanachama alibandika stempu zake humo, na chini ya kila moja akaandika bei na hali yake: nzima, ina doa, imechanika. Kisha kitabu kilisafiri kwa posta kutoka kwa mwanachama mmoja hadi mwingine, Kinondoni, Ilala, Buguruni. Aliyeipenda stempu aliichukua, akatia sahihi pale palipobaki wazi na kutia hela kwenye bahasha. Asiyependa kitu alikituma kitabu kwa anayefuata.

Kazi hiyo yote iliendeshwa na watu ambao mara nyingi hawakuonana. Ndiyo maana kanuni yao ilikuwa kali. Aliyeandika "nzima" chini ya stempu mbovu, kitabu chake kilifungiwa mwaka mzima, na jina lake lilisomwa mkutanoni. Zuena ndiye mwanachama pekee aliyekuwa bado anavaa sare ya shule, na tuseme ukweli, alijivunia hilo kupita kiasi. Kitabu chake ndicho kilichomfanya mtu. Watu wazima wa Kinondoni walimjua kwa jina kabla hawajamjua kwa sura.

Jioni ile, Mwalimu Gozbert alifika kwa baiskeli. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu wa jiografia, mpole asiyependa ugomvi. Siku hiyo hata chai aliyokaribishwa hakuigusa.

"Mama Zuena, nimekuja na jambo baya kidogo," alisema. "Mzee Khalfani wa Kinondoni amepata kitabu cha binti yako. Anasema ile stempu ya twiga si nzima. Imetengenezwa. Anasema huyu mtoto ni tapeli."

Zuena aliruka kutoka kwenye kigoda. Stempu ya twiga ilikuwa stempu ya zamani ya Tanganyika, aliyoikuta kwenye barua za marehemu babu yake, na ndiyo ilikuwa fahari ya kitabu kizima. Chini yake aliandika "nzima" kwa mwandiko wake bora kabisa.

"Mwongo!" alisema.

"Zuena!" mama yake alimkemea. "Huyo ni mtu mzima."

"Mtu mzima na anadanganya, mama. Ile stempu nimeiosha mwenyewe kwa mikono yangu. Ilikuwa na meno yote."

Meno ni vile vijipembe vidogo vinavyozunguka stempu pale ilipochanwa kutoka kwa wenzake. Stempu ikikosa jino moja, thamani yake inaanguka.

"Kesho kuna mkutano," Mwalimu Gozbert alisema. "Njooni. Kama mtoto ataomba radhi vizuri, nadhani yataisha."

"Ataomba," alijibu mama Zuena. "Tena kwa magoti."

"Siombi," alisema Zuena. "Mtanichapa, sawa. Lakini siombi radhi kwa kosa ambalo sikulifanya."

Mama yake alijua hasira ya mwanawe, na alijua pia kwamba mwanawe hakuwa mwongo. Hakumchapa. Alimpa tu ndoo akateke maji.

Bombani Zuena alimkuta Loveness, akamweleza yote huku povu likimtoka. Loveness alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kesho twende wote," Zuena alimwambia. "Wewe ndiye uliyebandika. Utawaambia ilikuwa nzima."

"Mie kesho tumbo litaniuma," Loveness alisema, akajitwika ndoo yake isiyojaa na kuondoka.

Zuena alibaki anashangaa mtu anayejua leo kwamba kesho ataumwa tumbo. Lakini hasira zilikuwa nyingi, nafasi ya kufikiri hakuwa nayo.

Mkutano ulifanyika Buguruni, katika darasa la kuazima, kelele za sokoni zikiingia madirishani. Wanachama walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yao yakigonga mbao. Mzee Khalfani alikaa mbele, kanzu yake imenyooshwa na lenzi imelala juu ya kitabu cha Zuena.

"Shikamoo, mzee," Zuena alisema, maana adabu ni adabu hata vitani.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kitabu?"

"Ni mimi."

"Nakusanya stempu tangu mama yako hajazaliwa," alisema Mzee Khalfani. "Jino hili la pembeni limegundishwa. Rangi ya karatasi haifanani na mwili wake. Umetoa jino kwenye stempu ya bei rahisi ukambandikia twiga, kisha ukaandika nzima. Nani alikufundisha utapeli ungali mdogo hivi?"

Watu waliguna. Mama Zuena alimbana mwanawe mkono, maana yake piga magoti. Zuena hakupiga.

"Mie sikubandika jino," alisema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Kitabu kilitoka kwangu kikiwa salama. Kimekaa kwako wiki nzima. Labda umebadilisha wewe!"

Darasa lilivuta pumzi kwa pamoja. Kumwambia hivyo mzee, mbele za watu! Mwalimu Gozbert alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Binti, funga mdomo wako," Mzee Khalfani alisema polepole.

"Siufungi mpaka ukweli uonekane. Stempu iliyokwisha kutumika haiogopi maji. Iwekeni majini! Kama ni nzima, itatoka nzima, na wewe ndiye utakayeniomba radhi."

Mzee mmoja alicheka. Mwingine alisema mtoto ana haki. Bakuli la maji lililetwa kutoka kwa mama lishe wa jirani, na Mwalimu Gozbert akaibandua stempu kwa kibanio na kuizamisha. Zuena alisogea mbele, mikono kiunoni. Aliiona alama ya mhuri wa posta, imekatiza shingo ya twiga kama alivyoikumbuka. Ilikuwa ni stempu yake yenyewe. Haikubadilishwa na mtu.

Mwanzoni haikutokea kitu. Kisha, taratibu, jino la pembeni likaachana na mwili na kuelea peke yake.

"Jino la bandia!" mtu mmoja nyuma alisema, na vicheko vikaripuka.

Zuena alihisi uso unawaka. Kitu kilichomuumiza zaidi ni kwamba maji aliyataka yeye. Mikono yake ilishuka kutoka kiunoni.

Mwalimu Gozbert alimhurumia. Aliinua mkono kuwanyamazisha watu. "Jamani, barua zinapita mikono mingi," alisema. "Huenda ilichanika njiani, mtu akaogopa, akaigundisha. Hatuwezi kujua. Tuseme ni ajali, tumsamehe mtoto, tuendelee na ajenda."

Zuena alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Mama yake aliitikia kwa kichwa, akimhimiza akubali. Zuena angeitikia kwa kichwa tu, kitabu chake kingeendelea kusafiri, na jina lake lingebaki safi. Alikitamani kitabu kile. Lakini akakumbuka ndoo isiyojaa, na tumbo lililopangiwa siku ya kuuma, akajua jino lile lilibandikwa wapi.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Haikuchanika njiani. Ilitoka kwetu hivyo hivyo. Mie niliandika nzima bila kuiangalia baada ya kubandikwa. Jino sikubandika, na hilo mkinilazimisha kulikiri sitalikiri. Lakini maandishi ni yangu."

Akamgeukia Mzee Khalfani. "Mzee, nimekuita mwongo na nimekuita mwizi. Hukuwa lolote kati ya hayo. Kwa hilo naomba radhi." Hapo akapiga magoti, bila kubanwa mkono na mtu.

"Ni mie!" sauti nyembamba ilisema.

Loveness alikuwa amesimama mlangoni, vumbi mpaka magotini. Tumbo halikumzuia kutembea.

"Nilikuwa naibandika ikanaswa kwenye ukucha, jino likatoka," alisema huku analia. "Nikachukua jino la stempu nyingine nikaligundisha. Nilimwogopa Zuena. Angenigombeza mpaka majirani wangetoka nje. Sikujua kama itafika huku."

Maneno yale yalimchoma Zuena kuliko vicheko vyote. Hakujua kama kuna mtu duniani anayemwogopa hivyo, tena rafiki yake.

Wanachama walianza kusema mtoto ni mtoto, yaishe, wasamehewe. Mwalimu Gozbert alikwisha kufungua ukurasa wa ajenda ya pili.

"Kanuni inasemaje?" Zuena aliuliza, akiinuka na kujifuta vumbi.

"Zuena, mwanangu, tumekusamehe," alisema Mwalimu Gozbert.

"Angekuwa Mzee Khalfani aliyeandika nzima kwenye stempu mbovu, mngemfanyaje?"

Wote walijua.

"Basi nifungieni. Sitaki kuwa mwanachama wa nusu bei."

Mwalimu Gozbert alimtazama mama Zuena, naye akafumbua mikono tu, kwa maana kwamba huyu ndiye wangu, nimfanyeje. Ikaandikwa kwamba kitabu cha Zuena kimefungiwa mwaka mzima. Zuena alisikia jina lake likisomwa, akauma mdomo wa chini, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Hakuyafuta.

Mzee Khalfani aliiopoa stempu, akailaza juu ya leso yake ikauke. "Hata bila jino, twiga huyu namtaka," alisema. "Andika hapa chini, 'jino moja hakuna', punguza bei, nami nitamnunua sasa hivi."

"Siuzi, mzee. Kitabu changu kimefungiwa. Njoo mwakani."

Mzee Khalfani alicheka mpaka lenzi ikamdondoka. Alipomaliza, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Sikiliza, binti," alisema. "Mimi nikifungua kitabu chako kule Kinondoni, sikuoni. Sioni kama wewe ni mtoto au mzee, mzuri au mbaya. Ninachokiona ni neno ulilolitia chini ya stempu. Neno lile ndilo sura yako. Usilitie kwa kuzoea. Angalia kwanza, kila mara, hata kama aliyebandika ni rafiki yako. Leo umepoteza kitabu, lakini mwakani nitakuwa wa kwanza kukiomba."

Walitoka nje, mama mbele na wasichana wawili nyuma. Mama Zuena alisimama ghafla njiani, akageuka.

"Na mie nina langu," alimwambia mwanawe. "Ukiwa mkali kwa kila kosa, watu hawataacha kukosea. Wataacha kukuambia. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama akaendelea mbele. Zuena na Loveness walitembea wakipishana na wachuuzi wa machungwa. Mwishowe Zuena alimpiga mwenzake kikumbo cha bega.

"Siku nyingine ukichana stempu, uniambie."

"Utanigombeza?"

Zuena alifikiri. Uongo kwa siku ile ulikuwa umetosha.

"Nitakugombeza sana," alisema. "Lakini uniambie."