Kabichi Chachu ya Alistidia

Kila asubuhi kabla ya kengele, watoto wa darasa la nne katika shule ya misheni huko Buhembe walimwagilia kabichi zao. Walizilea kwa ajili ya sikukuu ya mavuno kanisani. Alistidia yeye alimwagilia kidogo na kusema sana. Babu yake aliwahi kuwa mpishi wa Wadachi kabla Waingereza hawajaitwaa nchi, basi mjukuu alijiona nusu Mdachi.

Siku moja mwalimu wao, Sista Hedwiga, aliyetoka Udachi, alizitazama kabichi akashusha pumzi. "Ninatamani *Sauerkraut* ya kwetu. Mnaijua?"

Alistidia akaruka. "*Sauer* ni chachu, *Kraut* ni majani! Ndiyo kabichi chachu. Babu alinifundisha. Nitakutengenezea, Sista!"

"Unajua kuitengeneza?"

"Sana!"

Lo, mtoto huyu! Alijua jina tu, lakini aliona haya kurudi nyuma. Wenzake wakamkabidhi kabichi zote isipokuwa tatu.

"Ukiziharibu," Benadetha alimwonya, "darasa letu litakwenda madhabahuni mikono mitupu."

Nyumbani babu hakuwepo, alikwenda Muleba kumtazama dada yake. Alistidia akawaza: kitu huchachushwaje? Mhaya gani asiyejua! Akazikatakata kabichi ndani ya mtumbwi wa babu wa kukamulia ndizi, akamimina maji ya ndizi mbivu, akanyunyiza mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya mgomba. Kulipokucha, mtumbwi ulitoa povu. Mbuzi wa jirani, aliyekwisha kuionja, alikuwa akipepesuka na kuupigia mgomba kelele.

Shuleni Sista alitia tonge mdomoni mbele ya darasa zima. Macho yakamtoka. Mwalimu mkuu, Ndyamukama, akanusa bakuli.

"Mungu wangu! Hii ni rubisi! Pombe, katika shule ya Kilutheri!"

Benadetha alikuwa karibu kulia. Alistidia alitaka kusema kwamba kabichi zilikuwa mbovu, na mdomo ulikwisha kufunguka. Alipoziona nyuso za wenzake, moyo ukamuuma.

"Waitu, Mwalimu, nilidanganya. Nilijua jina tu. Kutengeneza sijui."

Sista alicheka mpaka kitambaa chake cha kichwani kikaenda upande. Kisha akaagiza zile kabichi tatu, chumvi na mtungi. Wakakata nyembamba, wakatia chumvi, na Alistidia akaponda mpaka kabichi zikatoa maji yake zenyewe. Mikono ilimwasha, asiseme neno.

Sikukuu ilipofika, darasa la nne lilipeleka mtungi wake madhabahuni. Baada ya ibada wazee walionja, wakakunja nyuso, wakaongeza tena.

"Sista," Alistidia alinong'ona, "mbona babu hakuniambia habari ya chumvi?"

"Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Basi, mwanangu, jina limekutajia majani na uchachu. Chumvi halikuitaja. Ndiyo maana Mungu alitupa mdomo wa kuulizia, nawe wako ulikuwa na kazi ya kujisifu."