Lusani Aliyoipanda Kache

Ndugu zangu wa Kikoneni, nawasimulia jambo hili nikiona haya, kwa maana na mimi nilikuwapo.

Boma la Kitsao na mkewe Kache lilikuwa na raha yake. Kache alijifunza kwa afisa wa mifugo kupanda lusani, majani mazuri mno ya kulishia ng'ombe wa maziwa. Aliimwagilia kwa ndoo kiangazi kizima, na ng'ombe wao wa pekee akanawiri hata ngozi ikang'aa. Tena ng'ombe huyo alikuwa na mimba. Kitsao alikuwa ameahidi kwamba ndama atakuwa wa Kache, mnyama wake wa kwanza tangu aolewe.

Siku moja Kache akaitwa Msambweni kumwuguza mamake. Kabla ya kuondoka akatukuta wanaume tumeketi uani.

"Baba Faith, tafadhali, usimpe ng'ombe lusani mbichi akiwa na njaa, hasa ikiwa imelowa. Ikate, iache inyauke, na umpe nyasi kavu kwanza."

"Nimechunga ng'ombe kabla sijakuoa," Kitsao akajibu. "Leo wewe ndiwe wa kunifundisha?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri, na ng'ombe akakaa na njaa hadi adhuhuri. Ndipo Kitsao akamkatia mzigo wa lusani inayochuruzika maji, nami nikamsaidia kuubeba. Haikupita saa, ubavu wa kushoto ukavimba, ukakazika kama ngozi ya ngoma. Ng'ombe akahema kwa shida, akaanguka. Daktari wa mifugo alipofika alimkuta amekwisha kufa, na ndama tumboni.

Kache aliporudi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mlimpa nyasi kavu kwanza?"

Kitsao akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama Faith."

"Nimekusamehe."

Na kweli alimsamehe. Lakini tangu siku hiyo, Kitsao akimwomba shauri lolote, la shamba au la nyumba, yeye hujibu kwa upole, "Utakavyo wewe." Kitsao huniambia ni heri angemtukana.

FUNZO

Lusani ni chakula bora, lakini ikiwa mbichi na imelowa, yaweza kumuua ng'ombe mwenye njaa. Mke anayeijua kazi yake na asikilizwe, hata mbele ya wageni. Nasi tunaoketi pembeni tukicheka, tusijitoe lawamani: hasara ile ni yetu pia.