Jeli Iliyogandishwa Mara Mbili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nisreen alipanda ngazi hadi kwenye paa la jumba lao la Kileleshwa kuangalia kama nguo zimekauka. Mwezi wa Julai hazikauki. Mawingu ya baridi huilalia Nairobi kutwa nzima, na hata kachri, vile vipande vyembamba vya muhogo alivyokaanga mama yake, kama walivyozikaanga kwao Lamu, zililegea kwa usiku mmoja tu.

"Unyevu huu una miguu!" mama huyo, Bi Zainab, alilalamika, akikunja kachri kama kipande cha ngozi. "Nimefunga kopo, nao umeingia!"

Nisreen alitabasamu. Yeye na mwenzake Obuya, wote wa gredi ya nane, walikuwa wamechaguliwa kuiwakilisha shule yao kwenye maonyesho ya sayansi, na kazi yao ilikuwa kuutega unyevu huohuo. Shule hiyo haikuwa imewahi kurudi na kikombe.

Siku hiyo Mwalimu Mwau wa sayansi aliwavisha miwani na glavu, akawapa maji ya kioo, kimiminika kizito ambacho watengenezaji wa sabuni hununua katika maduka ya River Road. Waliyazimua kwa maji, wakayamimina taratibu ndani ya siki huku wakikoroga.

"Humu mna chembe za silika ambazo jicho halizioni," mwalimu alisema. "Zitashikana mikono zifanye wavu, na maji yatabaki ndani ya wavu huo. Hiyo ndiyo jeli. Baadaye tutaiosha itoke chumvi, tuikaushe polepole kivulini. Maji yakiondoka, zitabaki tundu ndogo mno, na tundu hizo ndizo zitakazonyonya unyevu wa hewani. Jeli kavu ya namna hiyo wanasayansi huiita zerojeli. Obuya, wewe unakaa karibu. Nenda nayo nyumbani, uiache igande."

Asubuhi iliyofuata Obuya alikuja uso umemshuka. Ndani ya chupa hamkuwa na jeli. Mlikuwa na maji na magamba meupe, kana kwamba mtu amepara samaki humo.

"Uliiweka wapi?" Nisreen aliuliza.

"Kwa friza. Si mwalimu alisema igande?"

"Obuya! Uji ukipoa si huganda? Damu ya kidonda si huganda? Wewe ukijikata hutia kidole friza?"

Darasa zima liliangua kicheko. Obuya hakucheka. Wiki moja tu ndiyo iliyobaki.

Jioni alimfuata Nisreen langoni, akafungua mfuko. Ulijaa shanga ndogo zinazong'aa. Baba yake aliuza viatu Kenyatta Market, na Obuya alikuwa amepasua vile vipakiti vya kuzuia unyevu vilivyokuwa ndani ya maboksi.

"Hii ni silika, ni kitu ileile," alinong'ona. "Tunaiweka kwa chupa, tunashinda. Nani atajua?"

Nisreen alizitazama. Zilikuwa nzuri, za mviringo, zisizo na kasoro. Aliwaza juu ya kikombe, na juu ya kicheko cha darasa.

"Mimi nitajua," alisema mwishowe. "Na jaji akiuliza tulizitengenezaje, utamwambia tulifungua viatu?"

Obuya alijaribu kununa, kicheko kikamponyoka.

Walimwendea Mwalimu Mwau pamoja, wakamweleza yote, pamoja na habari ya shanga. Mwalimu aliinua chupa kwenye mwanga. "Barafu ilipokua ilisukuma silika, ikaukata wavu vipande," alisema. "Lakini silika haikwenda popote. Kwa nini mtupe kosa ambalo hamjalipima?"

Basi waliyaosha magamba mara nyingi, wakayaanika kwenye kitambaa. Walichanganya pia jeli mpya, nyembamba, ndani ya sahani. Hiyo iliganda mezani bila friza, ikitikisika kama maziwa mgando. Waliifunika kwa karatasi yenye matundu ili isikauke kwa pupa. Ikanywea, ikapasuka vipande vigumu, vyenye kung'aa kama kioo.

Siku ya maonyesho katikati ya jiji manyunyu hayakukatika. Juu ya meza yao kulikuwa na chupa tatu za kachri: moja ikiwa na kifuko cha magamba, moja kifuko cha vipande vya jeli kavu, na moja haina kifuko. Zote zilikuwa zimekaa usiku kucha zikiwa na vifuniko vilivyotobolewa ili unyevu uingie.

Jaji, Bi Veronicah, alichukua kachri kwenye chupa isiyo na kifuko. Ikajikunja bila sauti. Akachukua ya kwenye vipande vya jeli. Kacha! Akachukua ya kwenye magamba. Kacha! Watu wakasogea.

"Haya magamba mliyatengeneza makusudi?" aliuliza.

Nisreen alijibu, "Hapana, Bi. Tuliambiwa tuiache igande, tukaitia friza. Ilikuwa makosa. Tukaona tuyapime."

"Na yakishiba unyevu?"

"Tunayapasha moto kwa sufuria kavu," Obuya alidakia. "Unyevu unatoka, yanaanza kazi upya."

Bi Veronicah alicheka hadi miwani ikamteleza. "Leo nimeona mifano mingi ya volkano," alisema. "Hakuna aliyenionyesha kosa lake na kazi linayofanya."

Jina la shule yao liliposomwa katika nafasi ya kwanza, Obuya aliruka akamkumbatia Mwalimu Mwau kiunoni. Bi Zainab, aliyekuwa nyuma ya ukumbi, alipiga vigelegele vya Lamu vilivyowanyamazisha wapiga picha.

Nje, Mwalimu Mwau aliwakabidhi kikombe wakishike pamoja. "Shanga za viatu zingenyonya unyevu vizuri," alisema, "lakini lile swali la jaji lingewanyonya ninyi. Mmeshinda kwa sababu mlikuwa na jibu la kweli. Kazi ya mikono yenu, hata ikiharibika, mnaweza kuieleza. Ya kuiba hamwezi."

"Na neno gumu muulize maana yake," Bi Zainab aliongeza, akimtazama Obuya. "Leo nimepika halwa. Nikisema iache igande, utaiweka wapi?"

"Mezani, Mama!" Obuya alijibu kwa sauti kuu.