Kisu Kilichopokelewa Mkononi

Chumvi ilikuwa imesahaulika. Mbuzi ameshachunwa, makaa yameiva, wageni wamekaa uani kwa Pascal wakimeza mate, ndipo mkewe Helena akatoka jikoni na kusema chumvi iliyobaki haitoshi hata kwa mboga.

Zita akainuka. Duka lilikuwa ng'ambo ya kijito tu, na jua lilikuwa bado halijazama.

"Nakwenda mimi, wifi," alisema. "Hawa wanaume ukiwatuma wataishia kilabuni."

Pascal, kaka yake, alicheka na kuendelea kugeuza mbavu.

Walijiita Wenye Visu. Mwanzoni lilikuwa kundi la kwenye simu tu, watu wanne waliopenda visu vya kukunja, wakitumiana picha na kukejeliana. Baadaye wakaanza kukutana Jumapili baada ya misa, mara kwa huyu, mara kwa yule. Wanachinja mbuzi, na kila mmoja anakata nyama kwa kisu chake mwenyewe. Nikolausi, seremala wa Gehandu, alikuwa na kisu kilichofuliwa kutoka springi ya lori. Onesphory, dereva wa lori la vitunguu, chake kilikuwa na mpini wa pembe ya ng'ombe. Zita alirithi cha baba yao, chenye mpini wa mpingo. Kwa kisu hicho alihasi madume na kupasua majipu ya mifugo kuanzia Dongobesh hadi tambarare za Hanang. Pascal, mkulima wa vitunguu saumu, alikuwa na visu vingi kuliko wote, na hakuridhika na hata kimoja.

Walikuwa na mwiko mmoja. Kisu hakipokelewi mkononi. Mwenye kisu anakiweka chini, na anayetaka kukitazama anakiokota. Hakuna aliyejua sababu. Wazee walifanya hivyo, nao wakafanya.

Zita alinunua chumvi na kugeuza. Alipokaribia kijito, alisikia sauti.

Kwaruu... kwaruu...

Mtu alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya maji, ananoa kisu. Mzee mrefu, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hapo alipokaa palinuka chuma cha moto kilichotumbukizwa majini.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliendelea kunoa.

Kwaruu... kwaruu...

Zita alisimama akisubiri. Katika nchi ile hata mzee mliyegombana naye atakuitikia marahaba, kisha ndipo agombane. Huyu hakuinua hata kichwa.

"Kwa wenye visu ni wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu ambaye hajanywa maji siku nyingi, na maji yalikuwa yanapita miguuni pake.

Zita hakutaka kumwonyesha. Alivuka kijito, akaongeza mwendo, chumvi ameibana kwapani. Nyuma yake hakusikia hatua. Sauti ya kunoa ilikoma tu. Aliingia uani, akageuka kufunga lango la miti.

Mzee alikuwa amesimama langoni.

Mgeni ni mgeni. Pascal alimkaribisha, akamvutia kigoda, akamwambia nyama iko karibu. Mzee hakukaa. Alisema, "Nimesikia hapa mnapenda visu."

"Tunapenda sana," alisema Pascal.

Mzee akafungua kiganja chake cha kulia. Taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu mwenye baridi yabisi. Hata Zita alisahau hofu yake. Kisu kilikuwa kimekunjuliwa. Mpini ulikuwa mweupe, laini kama jino, na ubapa wake ulikuwa na mawimbi madogo madogo, kama mafuta juu ya maji.

"Lo," alisema Pascal kwa sauti ya chini.

"Weka chini, mzee, tukitazame," alisema Nikolausi.

"Mimi siweki chini."

"Huku kwetu ndivyo tunavyofanya," Onesphory alimwambia.

Mzee hakumtazama. Alimtazama Pascal, akiwa ameunyoosha mkono. Zita aliona machozi machoni mwa yule mzee, na jambo hilo lilimtisha kuliko kisu chenyewe. Alitaka kusema neno. Alitaka kusema, kaka, acha. Lakini Pascal alikuwa mwenye nyumba, mgeni yuko mbele yake na mkono umenyooshwa, na kile kisu kilikuwa kizuri kupita vyote alivyowahi kuona.

Akakipokea.

Mkono wa mzee ulianguka ubavuni kama kamba iliyokatwa. Alivuta pumzi ndefu.

"Asante, mwanangu," alisema. Akageuka, akatoka langoni, akaingia shambani.

Kisha Pascal akakata ubavu, na kisu kikapita kwenye nyama na mfupa kama kinapita kwenye ugali. Akakata tena. Akacheka.

"Mmeona? Mmeona wenyewe?"

"Kiweke chini na mimi nikione," alisema Onesphory.

Pascal aliinama kukiweka juu ya ngozi ya mbuzi. Alikaa ameinama hivyo. Kicheko kilimwisha usoni.

"Vidole," alisema. "Havifunguki."

Onesphory alidhani ni utani. Alimshika Pascal kwenye kifundo cha mkono, akaanza kukunjua kidole gumba. Mkono uliruka. Hakuna aliyeuona ulivyokwenda, waliona tu uliporudi. Onesphory alibaki anatazama kiganja chake, na vidole vyake viwili vilikuwa juu ya ngozi, katikati ya vipande vya nyama.

"Siyo mimi," alisema Pascal. Alikuwa ameanza kulia. "Ones, ndugu yangu, siyo mimi."

Mbwa alibweka. Mkono ukamvuta Pascal upande ule, miguu yake ikiburuta vumbi nyuma ya bega lake, kama mtu anayevutwa na dume lililokata kamba. Mbwa hakubweka mara ya pili. Damu ilimrukia Pascal mpaka kwenye nyusi. Bado mkono ulikuwa unapiga, unapiga, mbwa ameshakuwa matambara, na Pascal ameufumba uso kwa mkono wa kushoto akilia kama mtoto.

Zita ndiye aliyepata akili kwanza. Kamba ya kufungia mbuzi ilikuwa mtini. Aliikata kwa kisu chake, akafunga kitanzi, akamtupia kaka yake miguuni jinsi alivyowatupia madume ya watu miaka yote. Akavuta. Pascal alianguka kifudifudi.

"Mkalie!"

Nikolausi alikuwa mtu mzito. Alimkalia mgongoni, akaubana mkono ule chini kwa mikono yake yote miwili. Kwa muda kidogo ukatulia. Zita alisikia pumzi zao tu, na mafuta ya mbuzi yakidondokea makaa.

Chwii... chwii...

"Umechoka," alisema Nikolausi. "Nahisi umechoka. Leta kamba nyingine."

Mkono ukajipinda. Ulijipinda pasipo kiungo, katikati ya mfupa, na mfupa ulisikika ukivunjika. Kisu kikaingia juu ya paja la Nikolausi, karibu na kinena, kikachimba, kikatoka.

Damu ilitoka kwa kuruka. Zita aliijua damu ya namna hiyo kwa ng'ombe. Alimrukia Nikolausi, akaukandamiza mshipa kwa kiganja, kisha kwa goti, na damu ikapita kati ya vidole vyake ikiwa ya moto. Nikolausi alimtazama kwa mshangao. Alitaka kusema kitu kuhusu mke wake, jina lake likafika nusu. Akawa mzito zaidi.

Hapo ndipo Helena alipotoka jikoni.

Alimwona mume wake chini, damu imemjaa, akadhani ni yake. Akakimbilia kwake akiita jina lake. Mkono uliokuwa umevunjika ukainuka toka mavumbini. Ukageukia alikokuwa anatokea Helena.

Pascal aliacha kulia. Aliinua uso, akamwona mkewe, kisha akamtazama Zita.

"Kata," alisema.

"Kaka..."

"Kata sasa hivi."

Shoka la kupasulia kuni lilikuwa kando ya moto. Zita alilichukua. Alimkanyaga kaka yake kwenye kiwiko kwa nguvu zake zote, Onesphory akajitupa miguuni pa Helena na kumwangusha, na shoka likashuka. Halikutosha mara moja. Pascal alipiga ukelele ambao majirani waliusikia hadi ng'ambo ya kijito. Likashuka tena.

Mkono ulilala peke yake juu ya vumbi.

Walitazama. Vidole vilianza kufunguka, taratibu, kimoja baada ya kingine. Kiganja kikajigeuza juu, kisu kimelala katikati yake, mpini mweupe umeelekea kwa Zita.

Kilikuwa kinampa.

Hapakuwa na tone la damu juu ya mpini ule. Zita alihisi joto likimpanda katika mkono wake wa kulia, joto zuri, kama la jua la asubuhi baada ya baridi. Vidole vyake vilikuwa vimeshanyooka kabla hajajua. Helena, akiwa bado chini, akamshika sketi.

"Wifi. Wifi, usiangalie huko."

Zita akachukua sufuria kubwa ya maji, akaufunika mkono ule, akaweka jiwe juu.

Onesphory aliendesha lori lake mpaka hospitali kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa khanga ya Helena. Pascal alikuwa hai, na Nikolausi alikuwa nyuma, amefunikwa turubai la vitunguu.

Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji alifika na mgambo na polisi. Waliondoa jiwe, wakainua sufuria. Mkono ulikuwepo. Kisu hakikuwepo. Na kando ya kijito walimkuta mzee mwenye koti amelala chali, amekufa, uso umetulia kama wa mtu aliyepata usingizi baada ya safari ndefu.

Basi maelezo yakaandikwa kwamba mgeni asiyejulikana alivamia watu wakila nyama, akaua mmoja na kujeruhi wawili, naye akafa. Zita, Helena na Onesphory walitia saini. Polisi walikuwa na maiti, na maiti haikatai. Ni kijana aliyeibeba maiti ile tu aliyemwambia Zita pembeni kwamba haielekei, dada, mtu yule alikuwa ameshaoza ndani ya koti muda mrefu, kabla ya Jumapili ile.

Walipomzika Nikolausi, Zita alipitia kwa Akonaay, mhunzi wa Gehandu. Alimsimulia kuhusu mpini na mawimbi ya ule ubapa. Mhunzi aliacha kuvuta mivukuto.

"Wewe ulikishika?"

"Hapana, mzee."

"Kisu cha namna hiyo sisi hatukitengenezi," alisema. "Kinapita kwa watu. Aliyenacho hali, halali, hafi, mpaka mwenzake akipokee kwa hiari." Alitazama nje, kisha akaanza kuvuta mivukuto tena. "Nenda nyumbani, binti. Usinisimulie zaidi."

Kundi la kwenye simu lilikufa lenyewe. Pascal alipona. Vitunguu vilipovunwa, Zita alikuja kumwona na kilo ya nyama ya ng'ombe. Ilikuwa alasiri. Helena alikuwa amekwenda mnadani Dongobesh kuviuza. Zita alipika, akamkatia kaka yake nyama vipande vidogo, wakakaa mezani. Pascal alikuwa amenenepa kidogo. Alionekana mzima.

"Siku ile nililia," alisema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka, kaka."

"Nililia kwa ajili ya Ones. Na mbwa." Alitafuna, akameza. "Nikolausi sikumlilia."

Zita aliisogeza sahani yake pembeni.

"Mkono ulikuwa umechoka kweli, marehemu hakukosea. Ulikuwa unanisikia. Ningeweza kuuzuia." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama anamweleza mtu bei ya mbegu. "Sikutaka. Ilikuwa tamu, Zita. Kama maji ukitoka kulima. Halafu Helena akatoka jikoni, nikaona hata yeye namtaka kwa kisu. Nilikuwa nampenda bado, na namtaka. Ndiyo maana nilikwambia ukate."

"Yameisha, kaka."

"Kiko kwa mtu sasa. Wewe unazunguka sana, Katesh, Gehandu, minadani kote. Utakutana naye tu." Aliuweka mkono wa kushoto juu ya meza, akautazama. "Usikipokee wewe. Mlete hapa. Utanifanyia hivyo, mdogo wangu?"

Zita alitazama mlango. Pascal alikuwa ameketi kati yake na mlango.

"Nitamleta, kaka," alisema.

Alisema hivyo ili apate kupita. Pascal alimpisha, akamshukuru, akamwambia asalimie watu. Zita alitembea taratibu mpaka langoni, kisha hadi kwenye kona ambapo shamba linaficha nyumba. Hapo akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kukimbia kuelekea barabara ya mnadani, amkute Helena kabla hajafika nyumbani.