Mgomba wa Muhwezi

Alhamisi hiyo Jovitha aliamka mapema kama kawaida yake, akamenya ndizi za mchana, akawamwagia kuku pumba, kisha akakaa barazani na simu mapajani. Pale kijijini Nyakatuntu jua lilikuwa limetoka vizuri na watu walikuwa wakianika kahawa. Saa tatu kamili, huko Mwanza, madaktari wangempasua kichwa mdogo wake, Muhwezi.

Ugonjwa ulianza kama kichwa cha kawaida tu. Baadaye Muhwezi akawa anatapika kila asubuhi, halafu jicho la kushoto likaanza kuona ukungu. Picha ilionyesha mfuko mkubwa wa maji unaokandamiza ubongo. Daktari alieleza kwamba si saratani, na huenda alizaliwa nao. Wangetoboa tundu dogo kwenye fuvu, wapitishe kamera nyembamba na kukata ukuta wa mfuko ili maji yapate njia. Wakichelewa, angepofuka.

Jovitha alisimuliwa yote hayo kwenye simu na hakuamini hata nusu. Mfuko aliozaliwa nao umesubirije miaka thelathini na minne? Tangu utotoni alikuwa mtu wa kushuku, na safari hii mtu wake alishampata: wifi yake, Kokuhirwa, mke wa Muhwezi, ambaye ndiye aliyekuwa naye hospitalini. Upole wake ulimkera. Isitoshe, siku moja kabla ya safari ya Mwanza alimwona ameinama peke yake chini ya mgomba wa Muhwezi, akifukua udongo.

Kwao, kondo la nyuma la mtoto lilizikwa shinani mwa mgomba, na mgomba huo ukawa wake. Marehemu mama yao aliutunza ule wa Muhwezi kama mboni ya jicho, akiacha chipukizi kila shina lilipozeeka. Jovitha aliamini kwamba anayetaka kummaliza mtu huchimbia hirizi hapo hapo. Alitaka kuitoa kabla kisu cha daktari hakijamgusa mdogo wake. Alimpenda mno, hapo hapana ubishi.

Alichukua panga na jembe. Njiani jirani yake, Immaculata, alimsalimu, akaona anakoelekea, akamshika mkono.

"Usiuguse huo, mwenyewe akiwa mgonjwa," alinong'ona.

Jovitha akamwambia ashike hamsini zake, akapita.

Alichimba kuzunguka shina. Hakukuta kitu. Akachimba tena. Udongo, mizizi, basi. Kisha akaona shina limevimba upande mmoja, kiasi cha ngumi. Imo humu, alijiambia. Akainua panga. Akakata.

Maji yakaruka. Mgomba ukikatwa hutoa maji, kila mtu anajua, na yakigusa nguo doa halitoki. Haya yalikuwa maangavu. Yalikuwa na joto la mwili. Yalimlowesha kitenge mpaka magotini, na kitenge hakikushika doa lolote. Ndani ya uvimbe hamkuwa na kitu.

Alirudi nyumbani, akaketi pale pale barazani. Ndizi zilibaki bila kupikwa.

Simu iliita saa saba. Kokuhirwa alikuwa akiongea chini chini, kama aliyejibanza kwenye kona. Alisema Muhwezi ametoka salama na anapumua vizuri. Lakini daktari alikuwa na maswali.

"Wifi, walipofika kwenye mfuko waliukuta mtupu. Umeshakatwa. Wananiuliza nani alimpasua kabla yao, na fuvu halina alama. Sijui niwajibu nini."

Jovitha alimuuliza alikuwa akifukia nini chini ya mgomba siku ile.

"Samadi," Kokuhirwa alisema. "Mama aliniachia kazi hiyo. Majani yalikuwa yameanza kunyauka, nikaogopa."

Aibu ilimshika Jovitha, kisha woga ukaizidi. Alikwenda shambani mbio, simu ikiwa bado sikioni.

Mgomba ulikuwa umesimama. Jeraha alilolikata asubuhi lilikuwa limefumba. Limeshonwa. Uzi mweusi, mafundo madogo, yamepangwa sawasawa. Kwenye udongo aliouchimba hapakuwa na nyayo ila zake.

Alihesabu kwa kidole, bila kugusa.

"Wifi," alinong'ona, "Muhwezi wamemshona nyuzi ngapi?"

"Saba. Niliziona wakati wanamfunga bandeji." Sauti ya Kokuhirwa ikabadilika. "Umejuaje kuuliza?"

Jovitha alihesabu tena zile za mgombani. Nyuzi zilikuwa saba. Ule wa mwisho haukuwa umekatwa ncha. Uliteremka kando ya shina, ukaingia ardhini, na ulikuwa ukivutwa polepole kutoka chini.