Msaidizi wa Printa Iliyokufa

Kikombe kilimponyoka Mama Chapa, chai ikamwagika juu ya kitambaa cha meza, kwa sababu mumewe alikuwa ametamka, polepole na kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari, sentensi ambayo haikuishi duniani hata nusu dakika.

"Kwa hiyo mimi nimezeeka kwa ukaidi kabla ya kuzeeka kwa miaka?"

Sentensi hiyo Mama Chapa aliichapa jana yake alasiri, katika barua kwa binti yao. Kisha akaona haya, akaifuta herufi kwa herufi, na barua ikaenda bila hiyo. Hakumsomea mtu. Mlango ulikuwa umefungwa.

Alikuwa amefanya kazi ya uchapaji kwa miaka thelathini. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu vidole vyake havikuhitaji macho. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, hakuweza kuchapa hata jina lake mwenyewe. Binti yao wa pekee alikuwa amemkimbia mume aliyemvunja mkono mara mbili, na Mwalimu, aliyemwoza kwa kiapo mbele ya wazee, alishikilia kwamba lazima arudi. Hakuna andiko linalomwamuru mchungaji amrudishe kondoo kwa fisi ati kwa kuwa aliapa. Lakini kiburi kikivaa joho la kiapo, hata mcha Mungu hukisujudia. Mahali alipojificha binti walipajua watu wawili tu: mama yake, na mjomba wake, fundi wa kompyuta ambaye wote walimwita Bisibisi. Mama aliandikiana na binti karibu kila siku, ila mahali hapo hakupachapa kamwe. Alipafungia kifuani.

Siku ya tatu, katika saa ile ya mchana ambapo hata nzi husinzia, aliketi jikoni akichambua mchele. Mwalimu alikuwa mbele yake, amelala kitini, kinywa wazi. Ndipo vitufe vya kibodi vilipoanza kulia katika chumba cha kazi, kimoja kimoja, kama mtu anayejinyoosha vidole. Alipofungua mlango, kiti kilikuwa kitupu, na chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua. Akampigia simu mdogo wake.

Bisibisi alifika asubuhi na mkoba wake. Alifungua orodha ya programu zote zilizokuwa zikifanya kazi ndani ya mashine, akaishuka kwa kidole kama anayetafuta jina lake katika matokeo ya mtihani.

"Dada, huyu anajiita msaidizi wa printa. Printa yenyewe iko wapi?"

"Ilikufa mwaka juzi. Wewe mwenyewe uliipeleka kwenye vyuma chakavu."

"Kumbe marehemu bado ana msaidizi! Mbona hata wakubwa wakifa, wasaidizi wao hukusanya virago siku ileile?"

Mama Chapa alicheka kidogo. Bisibisi hakucheka. Alimwambia achape neno lolote kwenye ukurasa mtupu, kisha alifute. Akachapa "kuku", akafuta. Ndani ya folda iliyofichwa, faili moja likanenepa, na lilipofunguliwa ikaonekana k, u, k, u, kisha futa, futa, futa, futa.

"Inanasa vitufe," Bisibisi alisema kwa sauti ya chini. "Kila unachogusa inakiandika, hata kile unachokijutia. Mashine ikiwaka, nayo inaamka. Intaneti ikipatikana, inamtumia bwana wake." Akachomoa waya wa intaneti. "Sasa haitumi kitu. Toa mikono dada, nione ilianza lini."

Faili likanenepa tena.

"Nimesema toa mikono."

"Iko mapajani, mdogo wangu."

Wote wawili wakatazama. Herufi zilikuwa zikijipanga zenyewe, bila haraka, kwenye kioo kilichokatiwa mawasiliano yote na ulimwengu: *nani aliyeiingiza humu, isiwe yeye, ee Mola wangu, isiwe yeye.*

"Umeyasema haya?"

"Sijayasema," alinong'ona. "Nimeyawaza."

Na alipokwisha kunong'ona, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda tena kutoka chini ya meza, na Bisibisi akajikuta amerudi nyuma hadi mgongo wake umegusa ukuta, mama yule alifahamu kwamba kilichokuwa ndani ya mashine hakikuwa kazi ya mikono ya mwanadamu pekee, bali kimoja katika majini, wale walioumbwa kwa moto usio na moshi, kilichokuta nyumba imejengwa tayari kwa ajili ya kusikiliza, kikaingia humo kama bundi aingiavyo kwenye gofu, na kwamba sasa kilikuwa kimeketi mlangoni mwa kifua chake kikingoja awaze jambo moja tu, lile moja.

Akalazimisha akili yake kuhesabu mchele.

"Ni mimi."

Mwalimu alikuwa mlangoni, ameshika kizingiti.

"Mkwe wetu alinipa flashi. Akaniambia, baba, mke anayekuficha moja anakuficha mia. Yeye ndiye aliyekuwa akinisomea kwa simu yote uliyochapa; mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza Ndiyo."

"Ndiyo ya swali gani, shemeji?"

"Nani husoma maswali hayo? Kila mtu hubonyeza tu." Akakiachia kizingiti. "La pili nililisoma. Liliuliza: *na yasiyochapwa pia?* Nikadhani ni mzaha wa vijana."

"Ukabonyeza?"

"Nilitaka kujua aliko mwanangu!"

Kila mwanadamu amewekewa malaika waandishi wawili mabegani, watukufu, wasiochoka wala wasiouza habari. Mzee huyu hakuridhika na hao. Akaajiri wa tatu. Asilaaniwe upesi lakini, kwa maana alifanya hivyo akiwa baba, na machozi yaliyomtoka pale mlangoni hayakuwa ya uongo.

Bisibisi alifuta diski yote, asibakize faili hata moja, akaanza kuweka mfumo upya huku Mwalimu akiomba kwa sauti. Ufutaji ulipokamilika, spika ambazo hazikuwa zimeunganishwa popote zilitoa pumzi ndefu. Harufu ikapita katikati ya chumba kuelekea mlangoni. Mwalimu akakohoa mara moja.

"Imetoka," alisema Bisibisi, akijifuta jasho.

Ilikuwa imetoka kweli. Hakuna aliyeuliza imeingia wapi.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, vidole vya Mwalimu vilianza kugonga meza.

"Tangu alfajiri mikono inaniwasha tu na kugonga kila kitu, mke wangu," alisema, huku akiitazama kama mikono ya mgeni.

Mama Chapa alidhani ni uzee. Kisha jicho lake la kazi likaona kilichokuwa mbele yake: mzee asiyejua kuchapa alikuwa ameweka vidole vyake vyote kumi mahali pake, na kila kidole kilishuka pale kilipopaswa kushuka. Hakuhitaji kioo. Akasoma mawazo yake mwenyewe juu ya kitambaa cha meza, kama asomavyo gazeti: *nimwambie asitoke nje leo, ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha sab*

Aliirukia mikono ile akaikandamiza kwa nguvu zake zote. Chini ya viganja vyake iliendelea kupapatika.

"Nimeandika nini?" Mwalimu alilia. "Mke wangu, nimeandika nini?"

"Mkwe wako amepiga simu?"

"Asubuhi. Aliuliza kwa nini barua zimekoma. Mimi sijui kusema uongo, unanijua. Nikamweleza habari ya vidole. Anakuja kesho, na kompyuta yake."

Mama Chapa alitoka hadi barabarani bila viatu, akasimama mbali na nyumba, akampigia ndugu yake.

"Mhamishe mtoto. Sasa hivi."

"Nimpeleke wapi?"

"Nyamaza! Usiniambie. Mpeleke nisikokujua. Na mwambie asiniandikie tena."

"Kwa muda gani, dada?"

"Maadamu Mwalimu yuko hai. Au mimi."

"Dada, huyo ni mwanao."

"Ndiyo sababu," alisema, akakata simu.

Mkwe alifika kesho yake akiwa amenyoa vizuri, akawasalimu wazee kwa heshima zote, "shikamoo mama, shikamoo baba," kisha akafungua kompyuta yake juu ya meza ya chakula na kuisogeza chini ya mikono ya Mwalimu. Mzee alijaribu kuificha mikono yake kwapani, ikamshinda. Mama Chapa aliketi mkabala. Hakuhesabu mchele, hakuomba, hakujizuia kuwaza lolote, kwa kuwa hakuwa na cha kulinda tena.

"Haya, baba," mkwe alisema kwa upole. "Tuone."

Vidole vikashuka, na ukurasa ukaanza kujaa, mstari baada ya mstari, bila kosa hata moja la uchapaji: *yuko wapi mwanangu, amekula, yuko wapi mwanangu, amelala wapi, yuko wapi mwanangu, yuko wapi*